Tangazo liliwafikia watu elfu ishirini, ukumbini walikaa 38

Swali: "Mimi ni katibu wa kikundi cha sanaa Tanga mjini. Tunacheza maigizo ya jukwaani na ngoma. Tumesajiliwa, na hakuna anayegawana faida: kinachopatikana mlangoni kinalipia mafunzo ya vijana wa Ngamiani. Mwezi wa tano tulionyesha igizo jipya, habari za familia inayogombea nyumba ya marehemu baba yao, kwenye ukumbi wa watu 200, kiingilio shilingi 3,000. Tulichapa vipeperushi 1,000 vyenye maneno 'Onyesho kabambe lenye mafunzo kwa jamii', tukalipia tangazo Facebook, likawafikia watu zaidi ya 20,000. Walikuja 38, nusu yao ndugu na jamaa zetu. Desemba tunarudia, na fedha ya matangazo ni shilingi 400,000 tu. Baadhi ya wenzangu wanataka zote apewe msanii mmoja maarufu atuposti Instagram. Wengine wanasema tufute kiingilio, watu waingie bure. Nimechanganyikiwa. Au watu wa siku hizi hawataki tena maigizo?"

Ndugu katibu, nianze na swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Watu wanataka maigizo. Ingia sebule yoyote yenye king'amuzi jioni uone wanavyonyamazishana tamthilia ikianza. Na wale ambao hawakuja mwezi wa tano hawajaliona igizo lenu, kwa hiyo hawana la kusema juu yake, zuri wala baya. Viti vitupu havikuwa hukumu ya kazi yenu. Vinaonyesha tu jinsi watu walivyoalikwa, na hilo linarekebishika, hata kwa laki nne.

Sasa hiyo elfu ishirini. Facebook inaposema tangazo limemfikia mtu, maana yake lilipita kwenye skrini yake angalau mara moja. Kama alilisoma au kidole kilishateleza kwenda kwenye posti nyingine, hiyo ni habari tofauti. Kuna na jambo kubwa zaidi. Ukibonyeza kitufe cha kupromoti posti na kukubali kila kinachopendekezwa, mara nyingi mfumo unawatafuta watu wenye mazoea ya kupenda na kuandika maoni, kwa sababu hicho ndicho ulichokinunua bila kujua. Mtu wa aina hiyo anaweza kuwa yuko Mbeya amejilaza, anapenda kila kinachopita mbele yake. Fungueni ripoti ya tangazo lile muangalie sehemu ya mikoa na umri. Sitashangaa mkikuta wengi wao hawajawahi kushuka stendi ya Kange maishani mwao. Hamkuibiwa. Mfumo uliwapa mlichoomba, ila hamkuomba watu wa kukaa kwenye viti.

Vipeperushi navyo vina safari yake. Vijana wawili wanapewa bunda, wanasimama soko la Mgandini, saa moja baadaye mikono mitupu na kazi imeisha. Kabla ya magharibi nusu ya bunda inafungia karanga.

Na maneno yaliyoandikwa humo, nisamehe nikisema wazi, yanafukuza watu. "Lenye mafunzo kwa jamii" ni lugha ya maombi ya ruzuku. Mfadhili anaipenda, mtazamaji inamkumbusha semina, na semina anazozijua yeye zina posho. Kuna vikundi vingi vyenye kazi nzuri vinavyojitangaza kwa watazamaji kwa barua ile ile vinayomwandikia mfadhili. Nyinyi mna kisa ambacho kila nyumba ya Tanga inakijua au inakiogopa. Kiwekeni mbele: "Baba kafa. Nyumba moja, wake wawili, watoto sita. Nani anatoka?" Mafunzo watayakuta ndani, baada ya kucheka na kukasirika. Hata habari ya kwamba kiingilio kinasomesha vijana isitangulie. Iandikeni chini kwa herufi ndogo, au isemwe jukwaani mwishoni. Anayekuja kwa huruma anakuja mara moja. Aliyefurahi anarudi, na akirudi anakuja na mtu.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Mtu mzima haendi kutazama igizo peke yake. Mchukue mama mmoja wa Makorora aliyeona tangazo lenu siku ya Alhamisi na likamvutia kweli. Mara moja maswali yanaanza kichwani. Niende na nani? Linaisha saa ngapi? Bodaboda ya usiku ule ni bei gani, na dereva namjua? Mtoto mdogo nimwache wapi? Hakuna hata moja linalohusu sanaa, na hakuna hata moja ambalo tangazo lenu lililijibu. Basi anasema "tutaona", na katika mji wetu "tutaona" maana yake unaijua. Tangazo linaweza kumpa habari, lakini haliwezi kumpigia shoga yake simu.

Kwa hiyo mnachouza si tiketi moja moja. Mnauza safari ya watu wanne au watano, na kila kundi la watu watano lina mtu mmoja anayesema "jamani, Jumapili twendeni" na wenzake wakaenda. Huyo ndiye wa kumtafuta. Tanga anaweza kuwa mweka hazina wa kikoba, dada mwenye saluni, mwalimu wa Kiswahili, kiongozi wa kwaya, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, au yule kijana anayekusanya watu kwenda Mkwakwani kila Coastal Union wakicheza. Fedha zenu zikienda kwa watu thelathini wa namna hiyo, zitafanya kazi kuliko zikipita kwenye skrini elfu ishirini.

Wala jambo hili si geni pwani. Vyama vya beni, ile ngoma ya kuiga bendi na gwaride la kijeshi, vya Marini na Arinoti, vilivyoenea Tanganyika enzi za ukoloni, vilikuwa na wanachama, sare, vyeo na mahasimu wa upande wa pili. Watu walijaa kwa sababu walikuwa na upande wao. Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 1905, ni klabu ya taarab yenye wanachama, na sidhani ingefika umri ule kwa kutegemea wapita njia. Hapo hapo kwenu, mji uliotoa Black Star na Lucky Star kwenye taarab, na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwenye dansi, wazee bado wapo wa kukusimulieni mashabiki walivyokuwa wakijipanga. Kaeni nao jioni moja. Ni ushauri wa bure, na wengine wao wataishia kuwaleteeni watu.

Tuje kwenye vitendo. Kwanza, badilisheni ukumbi na siku. Ukumbi wa watu 200 wenye watu 60 unaonekana umekufa, lakini wa watu 90 wenye watu 60 una joto, na picha zake zinatamanisha. Tafuteni mdogo, kisha mcheze Jumapili mbili mfululizo badala ya usiku mmoja. Sababu ni hii: sifa za mdomo ndizo tangazo lenye nguvu kuliko yote, na zinaanza kutembea watu wakishaona. Igizo likichezwa mara moja tu, sifa hizo hazina pa kumpeleka mtu. Mama anamwambia jirani "ulikosa", mazungumzo yanaishia hapo. Kukiwa na Jumapili ya pili, anamwambia "nenda Jumapili ijayo".

Jumamosi za Desemba ziacheni, zimeshachukuliwa na harusi, na mifuko imeshatoboka kwa michango. Jumapili saa kumi jioni ni nzuri, mkimaliza kabla ya magharibi. Iandikeni saa ya kumaliza kwenye kipeperushi kwa maandishi makubwa kama ya kuanza, kisha muiheshimu. Andikeni kama watoto wanaingia. Na kabla ya kutangaza tarehe, angalieni ratiba ya ligi. Ukipambana na Simba na Yanga utashindwa, hata uwe na igizo la namna gani.

Pili, wiki moja kabla, fanyeni onyesho la waalikwa tu, wale thelathini wa kuleta watu. Si mazoezi ya mwisho ya kujaribu mavazi, ni igizo kamili, na chai, maandazi na nauli ya kurudi. Msiwape hotuba. Mwishoni mmoja wenu mwenye ulimi mtamu asimame aseme: "Mmeona. Kama limewafurahisha, leteni wenzenu Jumapili. Watu watano wanalipa 12,000 badala ya 15,000, na aliyewakusanya tunamwekea viti vya mbele." Wengine watakula maandazi na kupotea, hiyo ipo. Wakifanya kazi ishirini kati ya thelathini, kila mmoja na watu wanne, mna watu mia moja katika Jumapili mbili kabla ya kuhesabu ndugu zenu. Walimu nao waalikeni ingawa Desemba shule zimefungwa. Mwalimu hatakuja na darasa, atakuja na walimu wenzake, na Januari mtakuwa na wa kumwendea mkitaka kucheza shuleni.

Tatu, daftari la mlangoni. Uliniambia walikuja 38, nusu yao jamaa zenu. Mimi nimesimama kwenye hiyo nusu nyingine. Watu kama kumi na tisa wasiowajua walitoa 3,000 zao na muda wao. Nani aliwaleta? Namba zao mnazo? Kama hamna, mtaanza upya Desemba kana kwamba mwezi wa tano haukuwapo. Safari hii kijana wa mlangoni aulize mambo mawili: namba ya simu kwa anayependa kupata habari zenu, na "umesikia kwa nani?" Hilo la pili ndilo litakaloonyesha shilingi ipi ilifanya kazi. Namba zinabaki kwenu, hazipewi mtu wala haziuzwi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, mtu aliyetoa namba kwa ajili ya igizo hatarajii kutumiwa matangazo ya mikopo.

WhatsApp ina tabia moja ambayo vikundi vingi havijaijua. Ile orodha ya matangazo, inayotuma ujumbe mmoja kwa kila mtu faraghani hadi watu 256, inamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Mnaweza kuwa na namba mia mbili na ujumbe ukawafikia hamsini, kimya kimya. Status nayo ni hivyo hivyo, lazima mhifadhiane. Kwa hiyo kazi yenu mlangoni ni kumpa mtu sababu ya kuhifadhi namba yenu, na sababu nzuri ninayoijua ni picha yake. Kijana mwenye simu ya kamera nzuri awapige watazamaji picha wakiwa wamependeza, kila kundi pamoja, kisha awaambie: "Hifadhi namba hii, nitumie jina lako, usiku nakutumia picha." Atahifadhi. Na asubuhi picha ile iko kwenye status yake, na marafiki zake wanauliza "hapo ni wapi?" Picha za watoto mwombeni mzazi kwanza. Grupu msifungue. Ndani ya wiki linajaa salamu za Ijumaa na viungo vya ajabu, na namba za watu wote ziko wazi.

Ujumbe wenyewe uwe wa mtu kwa mtu. Wa aina hii nimeuona mara nyingi: "Kikundi chetu kinayo furaha kuwakaribisha wananchi wote." Wananchi wote hawapo kwenye simu ile, yupo mama mmoja. Jaribuni hivi: "Shikamoo mama. Ni mimi wa kikundi cha maigizo, ulikuja Mei na wifi yako mkakaa mbele. Jumapili hii saa kumi tunacheza tena, mwisho tumeubadilisha. Nikuwekee viti vingapi?" Swali la mwisho ndilo lenye kazi. Linahitaji namba, na mtu akishasema "vinne" ameshaanza kuwatafuta wale watatu. Akikubali, mpeni lipa namba alipe kabla ya Ijumaa. Aliyelipa hata nusu hatishwi na wingu.

Sasa mapendekezo ya wenzako. Msanii maarufu kwanza. Fanyeni hesabu kwenye karatasi: 400,000 ukigawa kwa 3,000 ni tiketi 134. Watu 134 wa kwanza watakuwa wanamlipa yeye. Kwenye ukumbi wa 200 uliojaa hadi mlangoni, zinabaki tiketi 66, yaani shilingi 198,000, na kodi ya ukumbi bado. Na wafuasi wake wametawanyika nchi nzima. Mwombeni picha ya takwimu zake za Instagram inayoonyesha miji ya wafuasi. Tanga isipokuwa kwenye miji ya juu, mazungumzo yaishe kwa heshima. Ningebadili mawazo kama ni mtoto wa Tanga na yuko tayari kuja mwenyewe, akae kwenye viti au apande jukwaani dakika kumi. Huyo watu watamfuata. Posti ya saa ishirini na nne inayofutika, hapana.

Bure? Hapa nina pande mbili. Kama lengo ni ujumbe kufika na kuna mfadhili aliyelipia, bure ni sawa, uwanjani, na watu watasimama. Lakini kwa onyesho la ukumbini, bure inaleta ahadi nyingi na watu wachache, kwa sababu kutokuja hakumgharimu mtu kitu. Na ukishaweka bure mwezi wa kumi na mbili, wa tatu utarudishaje 3,000? Wasio na uwezo wapo, najua. Watengeeni viti kumi kila onyesho kupitia serikali ya mtaa au madrasa na makanisa, kimya kimya, bila kutangaza.

Redio msinunue tangazo la sekunde thelathini, ombeni mahojiano. Watangazaji wa redio za mkoani wana saa nyingi za kujaza, na wageni wazuri ni wachache. Nendeni waigizaji wawili, mcheze hewani ugomvi wa dakika tatu wa wale wake wawili, mkatishe pale moto unapowaka. Muwaachie tiketi nne za kuwapa wasikilizaji. Hilo halina gharama isipokuwa nauli.

Mtasikia pia kwamba Google inawapa asasi zisizo za faida matangazo ya hadi dola 10,000 kwa mwezi. Ni kweli, upo mpango huo kwa nchi na asasi zinazotimiza masharti. Lakini matangazo yake yanatokea mtu akitafuta jambo Google, na yanahitaji tovuti iliyosimama vizuri. Mtu wa Chumbageni hakai akaandika Google "igizo la leo". Kwa kutafuta wafadhili na watu wa kujitolea inafaa. Kwa viti vya Desemba iacheni.

Mgawanyo wangu wa laki nne ungekuwa hivi. Onyesho la waalikwa 150,000, na hapo msibane. Video fupi ya ugomvi ule, yenye sauti safi, 60,000. Sauti mbovu inaua video kuliko picha mbovu. Vipeperushi 200 tu, vizuri, 60,000, na kila kimoja kitolewe mkononi na mtu anayemjua anayepokea. Bando na vocha za wanachama watatu wa kupiga simu na kujibu, 40,000. Facebook 50,000, siku nne za mwisho, kwa video ile, eneo likiwa Tanga mjini peke yake, na kitufe kinachompeleka mtu WhatsApp badala ya kuomba kupendwa. Elfu 40 inayobaki iwekeni, kwa sababu lazima kitu kiharibike.

Nisikudanganye kuhusu faida. Makundi ishirini ya watu watano kwa 12,000 ni 240,000. Mkiongeza watu arobaini wa bei kamili mnapata 120,000, jumla 360,000, na matangazo peke yake yamekula 400,000. Desemba hii bado mtakuwa chini, na kodi ya ukumbi sijaihesabu. Mnachonunua ni daftari la watu zaidi ya mia waliowahi kulipa, na mnajua aliyewaleta. Onyesho la mwezi wa tatu halitahitaji laki nne. Litahitaji bando na wiki mbili za kupiga simu. Kama kikundi hakiwezi kubeba hasara hiyo sasa, punguzeni onyesho la waalikwa liwe la watu kumi na tano, lakini msilifute.

Yapo mambo ambayo mimi wa kwenye maandishi siwezi kuwamalizia. Afisa Utamaduni wa Jiji mwendeeni mapema na barua. Kibali cha onyesho, gari la matangazo lenye spika, na mahali panaporuhusiwa kubandika mabango, vyote vinaanzia huko, na kubandika ovyo kwenye nguzo na kuta ni kutafuta faini. Huenda pia anajua ukumbi mdogo usiotumika Jumapili. Angalieni kama usajili wenu BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, bado uko hai. Kama igizo lina nyimbo za watu wengine, pitieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla video haijapanda mtandaoni. Mkiona tatizo liko kwenye igizo lenyewe, kwa mfano wale waalikwa thelathini wanaanza kuangalia simu katikati, tafuteni mwongozaji aje aketi nanyi mazoezini. TaSUBa Bagamoyo imekuwa ikifundisha watu wa jukwaa tangu ilipoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na wahitimu wake wametapakaa nchini. Na yule msanii maarufu akikubali kuja, kwa fedha au kwa mapenzi, muandikiane karatasi inayosema siku, saa, na fedha zitarudi vipi asipotokea. Mwanasheria wa msaada wa kisheria anaweza kuipitia kabla hamjatia saini.